Mnada wa hisani na ritani ya kodi: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Tanga

Msimu wa mavuno ukifika, jogoo ambaye asubuhi ungempata sokoni Mgandini kwa shilingi 25,000 huweza kufika shilingi 300,000 mchana wa siku hiyohiyo, akiwa amefungwa miguu juu ya meza mbele ya kanisa, huku mnadishaji akiuliza kama kuna mwenye kuongeza. Mambo hayo hayaishii makanisani. Madrasa inayojenga darasa hunadi mikeka na doti za kanga, shule ya kata inayotafuta madawati hunadi keki na mbuzi, na vikundi vya hisani vya mjini huandaa chakula cha jioni Raskazone ambako hunadiwa friza, kompyuta, picha za kuchora na hata safari ya boti kwenda kisiwa cha Toten. Wanunuzi wakubwa katika minada hiyo ni wafanyabiashara, na ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, inapoandaliwa swali huwa lilelile: fedha niliyotoa mnadani inanipunguzia kodi au hainipunguzii?

Inaweza kupunguza, lakini mara nyingi kwa kiasi kidogo kuliko mtu anavyotarajia, na kwa sharti kwamba bei uliyolipa imegawanywa vipande viwili tangu siku ya mnada. Kipande cha kwanza ni thamani ya kitu ulichopokea, na hayo ni manunuzi kama manunuzi mengine. Kipande cha pili ni kile ulichozidisha juu ya thamani hiyo kwa nia ya kusaidia, na hicho ndicho mchango. Kila kipande kina njia yake katika hesabu za kodi, na asiyevitenganisha mapema hujikuta akibishania vyote viwili kwa pamoja, bila karatasi ya kumsaidia.

Kwanza, hakikisha kwamba unahusika

Punguzo la michango limewekwa katika kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332. Kifungu hicho hakitaji neno mnada popote. Kinachozungumzia ni kiasi kilichochangwa katika mwaka wa mapato, kinachotolewa wakati wa kukokotoa mapato ya mtu yanayotokana na biashara. Maneno hayo ya mwisho, yaani mapato yanayotokana na biashara, ndiyo yanayowaacha nje watu wengi ambao hufika wakiwa na stakabadhi mkononi.

Mwalimu, nesi au karani anayekatwa kodi katika mshahara hana nafasi ya kuipeleka stakabadhi ya mnada kwa mwajiri wake ili makato yapungue. Mshahara si mapato ya biashara, na mchango wake, hata uwe mkubwa kiasi gani, hubaki kuwa sadaka tu. Ikiwa mtumishi huyo ana duka pembeni linalotunziwa hesabu kamili, basi mchango uliotolewa kupitia duka hilo unaweza kuangaliwa katika mapato ya duka, si katika mshahara.

Kundi la pili ni wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa kuangalia mauzo ya mwaka. Ukomo wa mauzo kwa utaratibu huo ulipandishwa hadi shilingi 100,000,000 mwaka 2019, kwa hiyo wenye maduka wengi wa Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza hadi za juu, wamo humo. Kodi yao inatokana na mauzo ghafi, haitokani na faida, na palipo na kodi ya mauzo ghafi hakuna gharama wala mchango unaotolewa. Kama wewe ni wa kundi hili, toa kwa moyo, chukua stakabadhi kwa ajili ya kumbukumbu zako, na usijisumbue na sehemu inayobaki ya mwongozo huu.

Wanaobaki ni kampuni, pamoja na watu binafsi ambao biashara zao zinatozwa kodi kwa faida baada ya hesabu kuandaliwa. Hata kwao kuna dhana moja ambayo ni lazima iondolewe mapema. Punguzo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Halipunguzi kodi yenyewe shilingi kwa shilingi. Kampuni inayotozwa asilimia 30, ikikubaliwa punguzo la shilingi 100,000, inaokoa shilingi 30,000. Nimewahi kuketi na mzee mmoja, mtu makini wa hesabu za duka, aliyekuwa amekwisha kuandika kwa penseli kwamba kodi yake ya robo ya mwisho imelipwa na mbuzi aliyemnunua kwenye harambee. Ilibidi tuanze upya, na mbuzi alikuwa amekwisha kuliwa.

Mchunguze mwandaaji kabla hujanyanyua mkono

Si kila anayekusanya fedha kwa jambo jema anatambuliwa na sheria ya kodi kuwa taasisi ya hisani. Sheria inataka mambo mawili yawepo kwa pamoja. Kwanza, taasisi iwe imeanzishwa na inafanya kazi kwa madhumuni yaliyotajwa, kama vile kupunguza umaskini na dhiki ya watu, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za umma za afya, elimu, maji au barabara. Pili, iwe imepewa uamuzi rasmi wa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) unaoitambua hivyo, na uamuzi huo uwe bado unatumika.

Jambo la pili ndilo linalosahauliwa. Waandaaji wengi watakuonyesha cheti cha usajili kilichowekwa kwenye fremu, na kwa kweli ni cheti halali: huenda kimetoka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kwa Msajili wa Jumuiya, au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako hupitia miunganisho ya wadhamini. Lakini vyeti hivyo vinathibitisha kwamba taasisi ipo kisheria. Havisemi chochote kuhusu hadhi yake katika kodi. Vivyo hivyo, kuwa na TIN (namba ya mlipakodi) hakumaanishi kuwa na hadhi ya hisani, kwa sababu hata kioski cha chipsi kina TIN. Omba nakala ya barua ya uamuzi wa Kamishna, soma tarehe yake, na linganisha jina lililomo na jina litakalokuwa kwenye stakabadhi. Majina yakitofautiana, kwa mfano barua ikiwa ya bodi ya wadhamini na stakabadhi ikiwa ya kamati ya maandalizi, mwombe mwandaaji arekebishe stakabadhi kabla ya malipo na si baadaye.

Njia ya pili katika kifungu hichohicho ni mchango kwa mradi wa maendeleo ya jamii. Hii ndiyo njia ya mnada wa shule ya kata au zahanati ya kijiji, ambako hakuna taasisi ya hisani hata kidogo, ila kuna darasa linaloezekwa. Katika hali hiyo mimi hutaka niwe na barua ya mkuu wa shule au ya mtendaji wa kata au kijiji inayotaja mradi, kazi ambayo fedha itafanya, na akaunti itakayopokea. Mchango ulioingia kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati ni mgumu sana kuutetea, hata kama bati zimeonekana juu ya paa.

Njia ya tatu ni michango kwa Mfuko wa Elimu chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu. Hiyo haibanwi na ukomo wa asilimia utakaoelezwa hapa chini. Kwa hiyo mfanyabiashara anayekusudia kutoa fedha nyingi kwa elimu, na ambaye hajali kupata friza wala picha ya ukutani, afikirie kwanza kama mnada ndio mlango unaomfaa.

Thamani ya kitu ijulikane kabla ya nyundo

Sheria yetu haikuweka kanuni ya kina ya kugawanya bei ya mnada wa hisani, na ndiyo maana ni vizuri kutazama nchi ambayo imeishi na suala hili kwa muda mrefu. Nchini Marekani, mamlaka ya kodi humruhusu mnunuzi wa mnada wa hisani kudai kile tu kilichozidi thamani halisi ya soko ya kitu alichonunua, na humtaka aweze kuonyesha kwamba wakati anapandisha dau alijua kuwa kitu kile kina thamani ndogo kuliko anacholipa. Anayenunua saa yenye thamani ya dola 300 kwa dola 500 ana mchango wa dola 200. Anayeinunua kwa dola 280 hana mchango wowote. Amepata bei nzuri tu. Ushahidi unaokubalika zaidi huko ni orodha ya bidhaa iliyotolewa kabla ya mnada, ambamo mwandaaji ameandika kwa nia njema makadirio ya thamani ya kila kitu. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 na kupata kitu badala yake, taasisi inawajibika kumweleza kwa maandishi ni kiasi gani cha malipo hayo ni thamani ya kitu. Na mchango ukifika dola 250, mchangiaji hawezi kuudai bila barua ya taasisi ya kuukiri.

Kanuni hizo hazina nguvu ya kisheria Tanga, lakini mantiki yake inakubaliana kabisa na neno kuchanga lililomo katika sheria yetu, kwa sababu mtu hawezi kusema amechanga fedha ambayo amepokea mali ya thamani ileile badala yake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi, na kwa waandaaji vilevile, ni kuifuata desturi ya orodha. Kamati ichape karatasi moja yenye namba ya kila kitu, maelezo yake mafupi, thamani yake ya soko, na mahali makadirio yalikotoka. Kwa friza mpya, ankara ya bei kutoka duka la vifaa vya umeme inatosha. Kwa kanga na mikeka, bei ya rejareja sokoni. Kwa chakula cha jioni cha watu wawili au safari ya boti, bei ambayo mteja wa kawaida angelipa. Karatasi hiyo igawiwe mlangoni, nawe uitunze, ukiwa umeandika pembeni bei iliyofikiwa. Karatasi moja iliyokunjwa mfukoni siku ya mnada hupata heshima kubwa zaidi kuliko barua ndefu iliyotungwa miezi minane baadaye.

Kazi huwa ngumu pale kitu kinapokuwa cha aina yake. Mlango wa kuchonga ulioondolewa kwenye nyumba ya zamani, jezi yenye saini ya mchezaji, picha ya kuchora ya bandari wakati wa maji kupwa: hivi havina bei dukani. Kwa mlango unaweza kupata makadirio ya maandishi ya fundi seremala wa kuchonga au muuzaji wa vitu vya kale. Kwa picha, bei ambazo mchoraji huyohuyo amewahi kuuza kazi za ukubwa huo. Ikishindikana kabisa, chukulia kwamba ulicholipa ndicho thamani yake, na usidai mchango. Najua ushauri huu hauwafurahishi wanunuzi, lakini bei iliyoshindaniwa na watu kumi wanaokitaka kitu kweli ni ushahidi mzito kwamba kitu hicho kina bei hiyo.

Kuhusu jogoo wa mavuno, kuna desturi yetu ambayo inarahisisha mambo. Mara nyingi mshindi hamchukui jogoo. Humrudisha mezani anadiwe tena, na huyo jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tano. Anayerudisha hajapokea kitu, hivyo malipo yake yote ni mchango. Lakini mtunza hazina aandike hivyo kwenye stakabadhi: kitu kimerudishwa kwa mwandaaji. Bila maneno hayo, karatasi inaonyesha kwamba ulinunua kuku.

Tiketi za bahati nasibu zinazouzwa ukumbini zina hadhi tofauti. Anayenunua tiketi amenunua nafasi ya kushinda, na huko Marekani fedha hiyo haihesabiwi kabisa kuwa mchango. Mimi pia siiweki.

Friza moja ya Deep Sea, hatua kwa hatua

Tuchukue kampuni ndogo ya kuuza samaki pale Deep Sea, inayolipa kodi ya kampuni ya asilimia 30. Mkurugenzi wake amehudhuria mnada wa taasisi yenye barua ya Kamishna, ameona kwenye orodha kwamba friza kubwa ina thamani ya shilingi 1,100,000, na amepandisha dau hadi shilingi 2,600,000. Friza imebebwa kwa guta usiku uleule na asubuhi imejaa kolekole na changu. Tofauti kati ya bei na thamani ni shilingi 1,500,000, na huo ndio mchango.

Hapo ndipo ukomo unapoingia. Kiasi kinachoruhusiwa kwa michango ya taasisi za hisani na miradi ya jamii kwa mwaka hakizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, yakikokotolewa kabla ya kutoa michango hiyo. Tuseme kwamba baada ya kuondoa gharama zote nyingine, uchakavu wa friza ukiwemo (yaani sehemu ya bei yake inayokatwa katika mapato kila mwaka), kampuni imebaki na mapato ya shilingi 30,000,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 600,000. Kwa hiyo, katika mchango wa shilingi 1,500,000, zinazopunguza mapato ni shilingi 600,000, na kodi iliyookolewa ni shilingi 180,000. Shilingi 900,000 zilizobaki hazina pa kwenda. Kifungu kinazungumzia mchango wa mwaka husika, na hakimpi mtu haki ya kuubeba mwaka unaofuata. Ikumbukwe pia kwamba ukomo huu ni wa mwaka mzima: kama mwezi Machi kampuni ilikwisha kuchangia kisima shilingi 400,000, friza imebakiziwa nafasi ya shilingi 200,000 tu.

Shilingi 1,100,000 za kipande cha kwanza zinafuata njia nyingine kabisa. Friza inatumika katika biashara, kwa hiyo ni mali inayochakaa, na katika madaraja ya mali yaliyowekwa na sheria huingia daraja la 3, ambalo hukatwa kila mwaka asilimia 12.5 ya salio, yaani thamani ambayo bado haijakatwa. Mwaka wa kwanza kampuni inakata shilingi 137,500, inayookoa kodi ya shilingi 41,250. Jumla ya nafuu ya mwaka wa kwanza ni shilingi 221,250 kwa matumizi ya shilingi 2,600,000.

Wapo wanaojaribu njia za mkato, na mbili kati yake nakutana nazo mara kwa mara. Ya kwanza ni kuandika shilingi 2,600,000 zote kuwa mchango, ambapo kampuni hugota kwenye ukomo uleule wa asilimia 2 na kupoteza uchakavu wa friza bila sababu. Ya pili ni kuandika zote kuwa bei ya friza ili kuukwepa ukomo wa asilimia 2 na kula uchakavu polepole kwa miaka mingi. Hii ya pili inavutia zaidi na ni mbaya zaidi, kwa sababu mkaguzi anayejua bei za friza ataona friza ya shilingi 1,100,000 imesajiliwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake, na kuanzia hapo ataitazama kila namba katika leja yako kwa jicho hilohilo.

Vitu vingine vinaingia wapi

Kompyuta iliyonunuliwa mnadani kwa matumizi ya ofisi huingia daraja la 1, ambalo hukatwa asilimia 37.5 ya salio, na meza na makabati hukaa daraja la 3 pamoja na friza. Ukinunua doti 40 za kanga kwa ajili ya kuziuza dukani kwako, thamani yake ya soko ni bidhaa za kuuza, na gharama yake itatolewa zitakapouzwa. Keki, mbuzi wa kuchinja na chakula cha jioni ni matumizi ya nyumbani, na sheria haikubali matumizi ya nyumbani yaingie katika gharama za biashara.

Penye utata ni kitu kilicholipiwa na kampuni lakini kikaishia sebuleni kwa mkurugenzi. Picha ya shilingi 800,000 ikitundikwa nyumbani kwake, thamani yake si gharama ya kampuni. Ni manufaa aliyopewa mtu, yenye kodi yake. Kwa mwenye biashara binafsi jambo ni jepesi kidogo: thamani hiyo iandikwe kuwa fedha aliyojichukulia mwenye mali, na mchango pekee ubaki katika hesabu za biashara.

Karatasi za kukusanya usiku uleule

Kuna mwaka niliandaa hesabu za mteja ambaye alikuwa ametoa zaidi ya shilingi milioni 3 kwenye hafla moja. Stakabadhi aliyokuja nayo ilikuwa na maneno matatu: malipo ya mnada. Haikuwa na jina la kampuni yake, haikutaja kitu alichonunua, na sahihi yake haikusomeka. Tulimtafuta aliyekuwa mtunza hazina, tukaambiwa kamati imevunjwa na vitabu viko kwa mtu aliyehamia Handeni. Hatukudai hata shilingi moja, na mteja alininunia hadi mfungo wa Ramadhani.

Tangu hapo nawaambia wateja wasiondoke ukumbini bila stakabadhi inayoonyesha jina kamili la taasisi na TIN yake, jina la kampuni inayolipa na TIN yake, tarehe, namba ya kitu kwenye orodha, bei iliyofikiwa, thamani ya soko ya kitu, na kiasi kilichobaki kuwa mchango. Pamoja na stakabadhi hiyo kuwe na orodha ya mnada, nakala ya barua ya Kamishna au barua ya mradi, na uthibitisho wa malipo. Kama muuzaji anawajibika kutumia mashine ya EFD, yaani mashine ya risiti za kielektroniki, dai risiti ya mashine kwa sehemu ya manunuzi, kwani sheria inamtaka mnunuzi aidai na si muuzaji pekee aitoe. Gharama isiyo na risiti ya EFD huwa ya kwanza kung'olewa wakati wa ukaguzi.

Lipa kwa benki au kwa namba ya malipo ya taasisi, kutoka akaunti ya biashara. Ukilipa kwa simu yako binafsi halafu ukajirudishia kutoka kampuni, andaa vocha siku hiyohiyo na ubandike nakala ya ujumbe wa muamala wenye namba yake ya kumbukumbu. Ujumbe wa simu hufutika. Upige chapa mapema.

Ahadi, tarehe na ritani

Harambee zetu huendeshwa kwa ahadi. Mtu hushinda mnada Desemba, hushangiliwa, hupigwa picha, kisha hulipa Februari au halipi kabisa. Sheria inaangalia kilichochangwa katika mwaka wa mapato, na ahadi bado haijachangwa. Kwa kampuni inayofunga hesabu 31 Desemba, mchango uliolipwa Februari nauweka katika mwaka mpya, na kama mapato ya mwaka unaokwisha ndiyo makubwa zaidi, ni busara kumaliza malipo kabla mwaka haujafungwa ili ukomo wa asilimia 2 uhesabiwe juu ya mapato hayo.

Usipunguze makadirio ya kodi ya mwanzo wa mwaka, ambayo kwa mwenye mwaka wa kalenda huwasilishwa hadi 31 Machi na kulipwa kwa awamu nne, kwa sababu ya mnada ambao bado haujafanyika. Subiri ritani ya mwisho, ambayo huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, yaani hadi 30 Juni. Wakati huo mhasibu wako akokotoe kwa mfuatano huu: mapato ya biashara baada ya gharama zote na uchakavu, kisha asilimia 2 ya mapato hayo, kisha jumla ya michango yote ya mwaka, halafu achukue kilicho kidogo kati ya hivyo viwili vya mwisho. Mwaka wa hasara hauna asilimia 2 ya kitu chochote, na hakuna punguzo la mchango.

Ndugu walio ughaibuni

Siku hizi mnada wa Tanga huonyeshwa kwa simu, na mpwa aliyeko Minnesota hupandisha dau akiwa jikoni kwake. Aelezwe mapema kwamba kwa kawaida Marekani haikubali punguzo kwa mchango uliopelekwa moja kwa moja kwa taasisi ya nje. Barua ya Kamishna wa Tanzania haimsaidii huko, kama ambavyo barua ya mamlaka ya kodi ya Marekani haimsaidii mjomba wake hapa. Njia iliyo wazi kwake ni kununua kwenye mnada ulioandaliwa na taasisi ya Marekani yenye hadhi hiyo, ambayo yenyewe inafadhili kazi za huku, kisha afuate kanuni ya kudai kilichozidi thamani tu. Hata hivyo, kwa mwaka wa kodi 2025 alinufaika pale tu alipoorodhesha makato yake moja moja kwenye ritani yake; kuanzia mwaka 2026 hata asiyeorodhesha anaruhusiwa punguzo dogo la michango ya fedha taslimu.

Jambo jingine: mpwa akilipa kutoka akaunti yake, mchango ni wake. Kampuni ya mjomba haiwezi kuuweka katika hesabu zake kwa sababu tu friza imeshushwa Deep Sea.

Dai lako likikataliwa

Mkaguzi akihoji, mpe kwanza orodha ya mnada na stakabadhi, ndipo umweleze mgawanyo kwa mdomo. Mara nyingi shaka yake ni moja kati ya mbili: hadhi ya taasisi, au thamani ya kitu. Kwa shaka ya kwanza, barua ya Kamishna yenye tarehe inayotangulia mchango humaliza maneno. Kwa shaka ya pili, ankara ya bei ya kitu kama hicho ya mwezi uleule wa mnada ina nguvu kuliko maelezo yoyote. Ndiyo sababu kumbukumbu hizi zitunzwe kwa miaka 5, nami huziweka kwenye faili la pekee kwa kila mnada, mbali na risiti za mafuta na umeme.

Ikiwa tathmini ya kodi imetolewa na hukubaliani nayo, pingamizi huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopokea taarifa, ukieleza sababu, na hutakiwa kulipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, chochote kilicho kikubwa. Piga hesabu kabla ya kwenda. Kwa mchango ambao nafuu yake ya kodi ni shilingi 180,000, nauli, muda wa mhasibu na siku za kufunga duka huweza kuzidi kinachopiganiwa, isipokuwa kama mkaguzi ameikataa na thamani ya friza pia, kwa kuwa hiyo itaendelea kukuandama kila mwaka wa uchakavu unaofuata.